UKOKO MWEUPE KATIKA SUFURIA NA BIRIKA: UNATOKA WAPI, NA UTAUONDOAJE?



Mwezi uliopita, nilipokuwa nikitembelea nyumba za bloku yetu hapa Kakuma, nilimkuta mama mmoja amekaa mlangoni, sufuria yake ya stili iko mapajani. Alikuwa akiikwangua ndani kwa kisu. Aliponiona aliinua ile sufuria akanionyesha. Chini na pembeni ilikuwa imefunikwa na ukoko mweupe, mgumu kama chokaa ya ukutani. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Niambie kweli. Kama maji haya yanafanya hivi kwenye chuma, je, ndani ya matumbo ya watoto wangu yanafanya nini?"

Kabla sijajibu, aliniambia jambo lililonishtua zaidi. Kwa muda wa wiki mbili alikuwa hawapi watoto maji ya bomba. Alikuwa anakwenda kwenye laga, katika mchanga wa mto Tarach, kuchota maji ya mashimo yaliyochimbwa kwa mikono, kwa kuwa maji yale aliyaona "hayana mawe". Mtoto wake wa mwisho alikuwa na siku tatu anaharisha.

Tulimpeleka mtoto zahanati kwanza, na maswali tukayaacha baadaye. Mtoto amepona. Lakini swali la mama huyo nimelisikia pia kwa watu wengine wengi, Wakongo, Warundi na Wasudani Kusini. Kwa hiyo katika karatasi hii tutaeleza ukoko huo ni kitu gani, kama una madhara, jinsi ya kuuondoa bila kuharibu chombo, na jambo moja la hatari ambalo kila nyumba inapaswa kulijua.

1. UKOKO HUU NI NINI?

Hatuzungumzi juu ya ukoko wa wali au wa ugali ulioungua. Tunazungumzia ule weupe unaobaki baada ya maji kuchemka au kukauka. Huonekana katika masufuria na birika, kwenye vijiko na vikombe, na mdomoni mwa bomba, lile ambalo sisi Wakongo huliita robine.

Maji ya kambi yetu hutoka katika visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Maji hayo yalianza kama mvua. Mvua inapopita hewani na katika udongo huchukua hewa ya kaboni, ile ile tunayoitoa tunapopumua. Hewa hiyo huyafanya maji kuwa na uchachu kidogo sana, ambao ulimi hauwezi kuuonja. Maji yakikaa muda mrefu chini ya ardhi, uchachu huo huyeyusha mawe kidogo kidogo. Madini yanayoyeyuka zaidi ni kalsiamu na magnesiamu. Maji yenye madini hayo kwa wingi huitwa maji magumu.

Ukiyatazama katika glasi huoni kitu, maana madini yameyeyuka kama chumvi inavyoyeyuka katika mchuzi. Lakini unapoyachemsha, ile hewa ya kaboni hutoroka na mvuke. Madini hukosa kitu cha kuyashika, yanarudi kuwa jiwe na kugandamana na chuma. Jiwe hilo ni ndugu wa chokaa na wa ganda la yai. Ndiyo maana sufuria inayochemsha maji kila siku huwa na ukoko mnene kuliko sahani.

Alama nyingine ya maji magumu unaijua tayari: sabuni haitoi povu upesi, na juu ya maji ya kufulia hubaki utando wa kijivu. Siku ya mvua, ukikinga maji ya paa la bati, sabuni ile ile hutoa povu mara moja. Mvua haijakutana na mawe bado.

2. JE, UNA MADHARA KWA MWILI?

Ukoko wenyewe si sumu. Vilevile si dawa iliyotiwa katika maji, kama wengine wanavyosema foleni. Dawa inayotiwa katika maji ni klorini ya kuua vijidudu, nayo haiachi jiwe katika sufuria. Kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji kwa mifupa na misuli. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha afya kwa ugumu wa maji, kwa sababu kiasi kinachopatikana katika maji ya kunywa hakikuonekana kuleta ugonjwa.

Watu huuliza sana juu ya mawe ya figo. Hapa kwetu, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35, jambo linaloleta hatari zaidi ni kunywa maji machache. Mtu anayeogopa maji ya bomba akapunguza kunywa, anaukaribia ugonjwa ule ule anaoukimbia.

Yako madini mengine ambayo ni lazima tuyataje kwa uaminifu, nayo ni floraidi. Hupatikana katika maji ya ardhini sehemu nyingi za Turkana na Bonde la Ufa, na ikizidi huharibu meno ya watoto, yakawa na madoa ya kahawia. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Huwezi kuijua floraidi kwa kutazama ukoko, na kuchemsha hakuiondoi. Hupimwa kwa vifaa. Ukiona madoa hayo kwenye meno ya mtoto, mpeleke zahanati na uiarifu kamati ya maji ya bloku yako. Usihamie maji ya laga. Maji ya shimo la wazi hupata kinyesi cha watu na cha mifugo, na kuharisha kunaweza kumwua mtoto mchanga kwa siku chache.

Hata hivyo ukoko una hasara nyumbani. Ukiwa mnene, moto huchelewa kufikia maji, na kila mmoja wetu anajua thamani ya kuni na makaa. Huziba mdomo wa birika. Hushika mafuta na masalio ya chakula, na huko vijidudu hujificha. Kwa hiyo inafaa uondolewe, ila kwa njia iliyo sawa.

3. KWANZA TAMBUA CHOMBO CHAKO

Vyombo vyetu vingi ni vya aina mbili. Tuvitofautishe, maana dawa ya kimoja huweza kuharibu kingine.

Stili isiyoshika kutu. Ni nzito kidogo, hung'aa kama kioo, haipindiki kwa mkono. Masufuria, sahani na vikombe vya seti ya jikoni tunayopewa mara nyingi ni vya aina hii.

Alumini. Ni nyepesi, ina rangi ya kijivu hafifu, hubonyea upesi. Masufuria mengi ya sokoni ni ya alumini.

Stili hii haishiki kutu kwa sababu chuma chake kimechanganywa na madini yaitwayo kromiamu. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield huko Uingereza, fundi wa vyuma Harry Brearley alitengeneza chuma cha namna hii alipokuwa akitafuta chuma kizuri cha mitutu ya bunduki. Kromiamu hukutana na hewa na kufanya ngozi nyembamba sana juu ya chuma, isiyoonekana kwa macho. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Ukiitunza, sufuria itakaa miaka mingi. Ukiishambulia kwa vitu vikali, chuma kitaliwa.

Kwa hiyo:

- Usikwangue kwa kisu, jiwe wala mchanga. Mikwaruzo hushika ukoko mpya haraka kuliko mwanzo. Nakiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuisugua sufuria ya mama yangu kwa mchanga wa laga mpaka mkono ukauma. Ilikuwa safi siku mbili tu, kisha ukoko ulirudi na kushika zaidi.
- Usitumie waya wa kusugulia wa chuma. Vipande vyake vidogo hubaki juu ya stili na kushika kutu, halafu mtu hudhani ni sufuria inayooza.
- Jivu na magadi ni vizuri kwa mafuta na masizi, lakini haviyeyushi ukoko huu. Tena magadi huifanya alumini kuwa nyeusi.

4. DAWA YAKE NI UCHACHU

Kumbuka tulivyosema: maji yenye uchachu kidogo ndiyo yaliyoyeyusha jiwe chini ya ardhi. Basi uchachu ndio utakaoliyeyusha tena katika sufuria. Hakuna haja ya nguvu, kinachotakiwa ni subira.

Jaribu kwanza. Dondosha tone la limau juu ya ukoko. Likitoa povu dogo dogo, hiyo ni hewa ya kaboni inatoka na jiwe linayeyuka. Lisipotoa kitu chochote, huenda ni chakula kilichoungua au kutu, na dawa yake ni nyingine.

Unaweza kutumia kimojawapo cha vitu hivi:

(a) Siki ya kawaida, nusu siki nusu maji.
(b) Ndimu ya unga, kijiko kikubwa kimoja katika lita moja ya maji.
(c) Maji ya malimau mawili au matatu katika nusu lita ya maji. Hata maganda yaliyokwisha kukamuliwa yanafaa ukiyachemsha pamoja na maji.
(d) Ukwaju, konzi moja, ukiloweka katika maji ya moto na kuuchuja.

Kwa sufuria au birika ya stili fanya hivi:

Kwanza, osha chombo kwa sabuni kuondoa mafuta, maana mafuta huzuia uchachu usifike kwenye jiwe. Suuza vizuri.

Pili, mimina maji ya uchachu mpaka yafunike ukoko.

Tatu, yapashe moto mpaka yawe ya moto sana lakini yasichemke. Fanya hivyo nje au mlango ukiwa wazi, kwa kuwa mvuke wa siki huwasha macho.

Nne, epua, funika, uache nusu saa hadi saa moja. Watoto wasikaribie.

Tano, sugua kwa kitambaa au kwa gunzi la mahindi. Ukoko utatoka kama unga laini. Ukibaki, rudia. Ukoko wa miezi mingi huhitaji mara mbili au tatu.

Sita, mwaga, suuza mara mbili kwa maji safi, kisha ufute chombo kikauke.

Kwa vijiko na vikombe, viloweke tu katika maji hayo hayo kabla hujayamwaga. Maji ya kuloweka yanaweza kutumika kwa vyombo kadhaa mpaka yaache kutoa povu. Hivyo limau moja haipotei bure.

Kwa alumini, tumia uchachu hafifu, dakika chache tu, kisha suuza mara moja. Ukiuacha usiku kucha, utakula chuma chenyewe.

Madoa yenye rangi za upinde wa mvua, bluu na manjano, ndani ya sufuria ya stili si ukoko. Yanaletwa na moto mkali na hayana madhara. Nayo hufutika kwa kitambaa chenye siki.

5. MABOMBA NA SINKI

Katika zahanati, shule na baadhi ya ofisi kuna sinki za stili na mabomba yanayong'aa. Wengi wetu tunafanya kazi za usafi huko, na njia ni ile ile.

Kwa mdomo wa bomba ulioziba, lowesha kitambaa kwa siki au maji ya ndimu ya unga, kizungushe pale penye ukoko, funika kwa mfuko wa plastiki na ufunge kwa kamba. Subiri nusu saa, fungua, futa, kisha acha maji yapite kidogo. Mabomba mengine yamepakwa tu rangi ya kung'aa juu ya shaba, kwa hiyo usiache kitambaa usiku kucha.

Kwa sinki, tandaza kitambaa kilicholoweshwa juu ya doa, subiri, kisha futa kufuata mistari ya chuma. Usizungushe mkono, usije ukakichora.

Mabomba ya umma katika bloku usiyaguse peke yako. Ona kamati ya maji kwanza, na kazi ifanyike saa ambazo maji hayatoki. Lakini usinyamaze. Ukoko ukiingia penye kufungia, bomba halifungi sawasawa. Bomba linalodondoka tone moja kila sekunde hupoteza lita 20 au zaidi kwa siku nzima. Lita 20 ndicho kiasi ambacho mashirika yamejiwekea kama lengo kwa mtu mmoja kwa siku katika kambi. Yaani tone hilo linakunywa sehemu ya mtu mzima mmoja.

6. HATARI: USICHANGANYE UCHACHU NA KLORINI

Tafadhali soma sehemu hii kwa sauti, na wale wasiojua kusoma nao wasikie.

Mwaka jana kijana mmoja alikuwa akisafisha vyombo kwa ajili ya sherehe ya nyumbani kwao. Aliloweka vikombe na vijiko katika beseni la maji ya limau. Ukoko ulianza kutoka vizuri. Kisha akaona ni vema aue na vijidudu, akamimina dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ile ambayo wengi wetu huiita Jik hata ikiwa na jina jingine. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi. Dakika haikupita. Harufu kali ilijaa, macho yakatoa machozi, kifua kikambana. Dada yake alimvuta nje kwa mkono. Alikohoa siku kadhaa, na leo ni mzima. Angekuwa peke yake, sijui tungezungumza nini sasa.

Kilichotokea ni hiki. Dawa ya klorini ikikutana na kitu chochote chenye uchachu, kama vile siki, limau, ndimu ya unga, ukwaju au asidi ya kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo iliyotumiwa vitani kama silaha, huko Ypres nchini Ubelgiji, mwaka 1915. Huunguza macho, koo na mapafu.

Basi shika haya:

- Siku ya uchachu ni siku ya uchachu. Siku ya klorini ni siku nyingine. Kati yake suuza chombo kwa maji mengi.
- Usimwage maji ya siki katika choo au mfereji uliotiwa klorini. Mwaga mbali, juu ya udongo.
- Usihifadhi klorini katika chupa ya soda wala chupa ya siki.
- Usitumie maji ya betri ya gari wala asidi ya choo kusafishia sufuria. Maji ya betri huunguza ngozi, na betri iliyotumika ina risasi, ambayo ni sumu. Asidi ya choo hula stili yenyewe.
- Usiache klorini kali juu ya stili. Hutoboa vishimo vidogo vyeusi visivyofutika. Ukitakasa chombo kwa klorini, suuza dakika chache baadaye.

Msiogope klorini ndogo iliyomo katika maji ya bomba. Hiyo ni kidogo mno, haiwezi kutoa gesi ya kudhuru ukitia limau katika maji ya kunywa au katika chai.

Ikiwa mtu amevuta gesi: mtoe nje mara moja mahali penye hewa. Usirudi ndani kuchukua beseni. Mvue nguo zilizolowa. Macho yakiwasha, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha mpeleke zahanati hata kama kikohozi kimetulia, kwa maana mapafu huweza kuumwa saa kadhaa baadaye.

7. JINSI YA KUPUNGUZA UKOKO

Huwezi kuuzuia kabisa maadamu maji ni magumu, lakini unaweza kuupunguza.

Usilaze maji katika birika usiku kucha. Yamimine katika chombo cha kuhifadhia chenye kifuniko.

Futa chombo kwa kitambaa kikavu baada ya kuosha. Tone likikauka lenyewe huacha jiwe lake.

Pitisha maji ya limau au ya ukwaju mara moja kwa wiki, kabla ukoko haujakomaa.

Chumvi ya chakula itie maji yakisha kuchemka, kisha koroga. Chumvi ikilala chini ya maji baridi hutoboa stili.

Ukiona unga mweupe unaelea katika maji yaliyochemka, uache utulie chini, kisha mimina maji ya juu. Ni jiwe lile lile, na halidhuru mtu akilinywa.

Nilirudi kwa yule mama siku ya Jumamosi nikiwa na kijiko cha ndimu ya unga kilichofungwa katika karatasi. Tulipasha maji, tukangoja, watoto wamekaa wanatazama povu. Alipofuta na kuona chuma kinang'aa, hakusema neno kwanza. Kisha alichukua jerikeni, akamwambia binti yake mkubwa, "Kapange foleni ya bomba."

Ukiwa na swali lolote, mwone mhamasishaji wa afya wa bloku yako au kamati ya maji. Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiitupe. Mpe jirani.